Nguruwe wa Buluu

Kopo la rangi liliisha kabla nguruwe hawajaisha. Nililipindua, nikalikung'uta kiganjani, nikapitisha kidole ndani yake kama mtoto anayemalizia uji, na bado walibaki watano. Walikuwa wanene, weupe, wamesimama kwenye banda la Mama Jummai wakinitazama kwa vijicho vyao kana kwamba nao wanangoja zamu. Nyuma yangu wanawake walikuwa wakipiga kelele. Mbele yangu, ng'ambo ya mashamba ya tangawizi, lori lilikuwa likibadilisha gia kupanda kilima.

"Mama Kasham, umepagawa?" Rahila alikuwa ameshika kiuno, kitambaa cha kichwa kimemteleza hadi shingoni. "Hata nguruwe wangu, kule bandani kwangu! Nani kakutuma umpake?"

"Wewe," nilimjibu. "Wewe na wenzako. Mlinyoosha mikono kanisani, mkasema Rifkatu ndiye ashike kopo."

"Ashike kopo! Nani alisema alimalize?"

Mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Mikono yangu ilikuwa ya buluu hadi kwenye viwiko. Ilikuwa rangi ya bati, masalio ya paa la kanisa, nzito kama asali, na nguruwe wote wa kikundi chetu, isipokuwa wale watano, walikuwa wamechorwa mstari mgongoni, kuanzia shingo hadi mkia. Wengine walikuwa wameshajisugua ukutani, na kuta nazo zimekuwa za buluu. Ungedhani mbingu imedondoka ikachafuka na mavi ya nguruwe.

Sikuwa na rangi tena, basi nikafanya lililobaki. Nikaenda kwenye lango la banda la Mama Jummai, nikageuka, nikaliegemeza mgongo.

*

Kwetu, kila nyumba ina siku yake ya kupika pombe ya mtama. Siku haiuzwi wala haiombwi. Mwanamke anaipokea kwa mama mkwe wake, anaishika mpaka mwanawe aoe, kisha anaiachia. Mimi niliipata mapema, kwa sababu mama yake Bobai, mume wangu, alifariki nikiwa bado naitwa bi harusi. Aliniachia Alhamisi, siku nono kuliko zote, kwa kuwa Ijumaa ni gulio na wachuuzi hulala kwetu na makoo yao makavu. Wanawake wakubwa walikuwa wakiniambia, nusu utani, nusu wivu, "Hako kasichana kamekalia kiti cha simba, hata miguu haijafika chini."

Pombe ikishachujwa, yanabaki machicha. Na machicha nayo hayana mwenyewe. Kila siku mpishi wa siku hiyo huyabeba mpaka kibandani kando ya kijito, huyamwaga kwenye pipa moja kubwa, na kila mwenye nguruwe huja na ndoo yake kuchota. Nguruwe wetu wote, wa tajiri na wa mjane, wamekua kwa pipa hilo moja. Tulijivunia hilo. Hata mchungaji aliwahi kulihubiri.

Na kama tulivyogawana machicha, tuligawana dawa. Mtoto mmoja wa boma akipatwa na homa, majani machungu yalichemshwa kwa chungu kizima na watoto wote wakanyweshwa, mgonjwa na mzima, ili asiwepo wa kusema fulani anapendwa zaidi. Siku hizi chungu kimepumzika, lakini mkono ni ule ule. Mtoto akiandikiwa vidonge vya rangi mbili, mama mkubwa wa boma huvifungua juu ya sahani, akagawa unga wake kwa ncha ya kijiko: huyu kidogo, na huyu kidogo, na wewe usilie, na wewe kidogo. Mgonjwa mwenyewe alipata kama wenzake. Nani angelikataa? Lilikuwa pendo, na pendo hilo lilinilea.

Kasham alikuwa na miaka mitatu sikio lake lilipoanza kutoa maji. Akapewa dawa, hayakukauka. Akapewa nyingine, shavu likavimba hadi jicho likafungwa. Tukamkimbiza Kafanchan kwenye pikipiki, mimi nimemkumbatia katikati, kichwa chake kikiwaka kama jiwe la mafiga. Daktari alikuwa kijana mwenye macho ya mtu asiyelala. Akaniuliza mtoto amewahi kunywa dawa gani, na mimi nikamweleza habari ya sahani na kijiko.

Hakunigombeza. Alivuta kiti akakaa.

"Mama, vijidudu ni kama mbwa. Ukimpiga kwa fimbo nzito, anakufa au anakimbia. Ukimgusa gusa kwa kijiti kila siku, anazoea. Kesho ukija na fimbo, anaitafuna."

Ilibidi dawa itoke Jos. Ilimrudisha mwanangu, nashukuru kila ninapomsuka nywele. Lakini sikio la kushoto lilibaki huko huko homani. Mpaka leo ukimwita kutoka upande huo hageuki. Wenzake humwita mwenye maringo. Mimi nimezoea kumzunguka nitokee kulia, ndipo nimwite.

*

Mwaka uliofuata, kiwanda kimoja cha Jos cha soseji na nyama ya moshi kikatuma mtu. Bwana Gyang aliitwa, mpole, mcheshi, tumbo mbele kama mjumbe mwema. Alisema watanunua nguruwe wetu kwa mkupuo, lori zima kila baada ya mwezi mmoja, mradi tufuate utaratibu wa usalama wa chakula. Utaratibu wenyewe ulikuwa karatasi moja, akaibandika kwenye ukuta wa kibanda. Mimi ndiye niliyeisoma kwa sauti. Nilikuwa nimejifunza kusoma shule ya jioni, Kasham mgongoni, nikitamka silabi na yeye akizifuata kwa usingizi. Siku ile nilisoma mbele ya wanawake walionizaa na walioniozesha, mpaka mstari wa mwisho.

Karatasi ilisema nguruwe mgonjwa atengwe, na akipewa dawa, kwa sindano au kwa chakula, apigwe alama mgongoni. Aliyepigwa alama asichinjwe mpaka dawa imtoke mwilini, kwa hesabu ya siku zilizoandikwa hapo. Gyang akaeleza kwa nini. Dawa inabaki kwenye nyama, na vijidudu vilivyozoea dawa kwenye tumbo la nguruwe havikai huko milele; vinatafuta watu.

Nikanyoosha mkono. "Vinafika hata kwa mtoto?"

"Kwa mtoto ndiko hupenda hasa," alisema.

Ndipo wakanichagua mshika kopo. Mwanzoni lilikuwa jambo la kuchekesha. Nguruwe akikohoa, akadungwa, Rifkatu anakuja na brashi. Watoto wanaimba nyuma yake, "Bi harusi wa buluu! Bi harusi wa buluu!" Mwenye nguruwe anaona haya kidogo, kama mtu aliyepelekewa barua na mahakama, kisha anasahau. Tulikwenda hivyo hivyo, tukanenepesha, tukahesabu siku za lori la kwanza kama watu wanaongoja Krismasi.

Asubuhi ya lori nikaenda kuchota machicha. Nilimkuta Mama Jummai kibandani, anakoroga pipa kwa mwiko mrefu. Yeye ndiye mwenyekiti wetu. Ana mwili wa kujaza mlango na cheko la kujaza uwanja, na hakuna mtoto kijijini ambaye hakupata kulala mgongoni mwake, mimi nikiwemo. Machicha yalikuwa na rangi ya manjano kama yaliyotiwa bizari; wiki ile nzima nilidhani ni mtama mpya.

"Njoo uone kazi ya mama yako," akaniambia kwa furaha. "Jike langu lilianza kukohoa Jumapili. Nikasema, aa! Mnunuzi akute kikohozi siku ya kwanza? Nikaenda kwa yule muuza dawa wa gulioni, nikachukua unga mkebe mzima. Wiki nzima nawatilia humu. Wote! Sikumbagua hata wa yule mchawi Rahila." Akacheka mpaka mwiko ukatikisika.

Nikaweka ndoo chini.

"Mama, umewapa wote?"

"Wote. Mimi nimgawie nani, nimnyime nani?"

Nakumbuka kijito kilikuwa kinapiga kelele zake za kawaida, na bata wawili wanagombea ganda. Niliitazama ile manjano, nikaiona sahani. Nikakiona kijiko. Na wewe kidogo, na wewe usilie.

"Basi lori halitapakia," nikasema.

Alidhani natania. Alipoona uso wangu akapunguza sauti, kama mtu anayembembeleza mtoto aache kisu. "Rifkatu. Nani atajua? Hawakohoi. Wanang'aa. Wewe nyamaza tu, mwanangu. Leo nyamaza, kesho tutafuata hiyo karatasi yako kama Biblia."

"Mimi nitajua."

"Na wewe ni nani?"

Hilo halikuwa tusi. Aliuliza kweli, akanisubiri. Nikaenda kuchukua kopo.

*

Lori likasimama. Gyang akashuka, akaona nguruwe, akaona kuta, akaniona mimi langoni na mikono yangu.

"Haya! Leo ni harusi, na mimi sikualikwa?"

Rahila ndiye aliyemweleza, kwa haraka na hasira, akichanganya habari ya pipa na habari ya wazimu wangu na ya ukoo mzima niliotoka. Gyang alisikiliza akijipangusa shingo. Kisha akanijia taratibu, akasimama karibu kama mtu anayetaka kununua siri.

"Dada, sikiliza. Umefanya vizuri, sana. Ningekuwa na wafanyakazi kama wewe ningelala. Lakini nimetoka Jos na lori tupu, nirudi na lori tupu? Machinjioni wanapitishwa maji ya moto, wanaparuliwa. Rangi haitabaki. Na wanaopimwa ni wachache, mmoja mmoja."

"Na karatasi?"

"Karatasi ni ya ukutani, dada."

"Mimi nilishaisoma," nikamwambia. "Sijui namna ya kuacha kuisoma."

Wanawake walikuwa wamesogea, wamefanya nusu duara, na katikati yao nikamwona Bobai amekuja mbio kutoka shambani, jembe bado begani, Kasham kamshika suruali. Nilijua atakaloambiwa: mtoe mkeo pale. Na kweli, alikwishaambiwa. Akaja.

"Mama Kasham," akasema, "watu wote wanakutazama."

"Waache watazame."

"Wanasema nikutoe."

"Nitoe, basi. Lakini mtoto ndiye huyo hapo. Mwite kwanza."

Hakunielewa. "Nini?"

"Mwite mwanao. Simama hapo ulipo, kushoto kwake, umwite."

Bobai akamtazama Kasham, ambaye alikuwa kamwachia suruali, kachuchumaa anachora chini kwa kijiti. Hakumwita. Sote tulikuwa tunajua kitakachotokea. Aliteremsha jembe, akazunguka upande wa kulia, akamnyanyua mtoto, akaondoka naye kwenda nyumbani. Hakunitoa. Katika miaka yote ya ndoa yetu sijapewa zawadi kubwa kuliko mgongo wake ukiondoka vile.

Nikapaza sauti ili kila mtu asikie, hata dereva.

"Soseji hiyo italiwa na mtoto wa mtu. Simjui. Yuko Jos, au Abuja, au wapi sijui, na mama yake anamkatia vipande vidogo vidogo ili asikabwe. Mimi sitamlisha mtoto wa mwenzangu kilichomla wangu. Anayetaka kufungua lango hili anivunje mkono kwanza. Huu hapa, ushapakwa rangi, hamtaukosea."

Mama Jummai akasogea mbele. Nguruwe nyuma yangu walikuwa wake. Tulikuwa karibu hata nikasikia pumzi yake, na harufu ya mtama uliochacha ambayo kwangu siku zote ilikuwa harufu ya kubebwa. Nilidhani atanipiga. Ningempokea kofi lake, na langoni nisingetoka.

"Unaniambia mimi nimeua watoto?" akauliza.

"Nakwambia lori haliondoki na nguruwe."

Akaitazama mikono yangu ya buluu. Halafu akageuka, akapasua nusu duara, akashika njia ya kwake bila kumtazama yeyote. Gyang akapanda lori. Wakati linageuza, bodi lake tupu lililia minyororo kama kengele ya shule, na wanawake wengine walilia nalo.

*

Hawakunitukana baadaye. Ningependelea matusi. Walikutana kanisani, mimi sikuitwa, na Rahila akatumwa na maneno machache: "Alhamisi yako imelala. Mimi nitaishika."

Alhamisi ya mama mkwe wangu, na ya mama mkwe wake. Mke wa mdogo wake Kasham, kama Mungu angetujalia, angekuta nini? Nilikaa jikoni nikaitazama mitungi yangu imepinduliwa, nikalia kilio cha kimya, kile cha mama anayeogopa kumwamsha mtoto. Nilipomaliza nikajipangusa, nikaanza kuloweka mtama.

"Unaloweka wa nini?" Bobai akauliza. "Huna siku."

"Jumatatu ya nani?"

Akafikiri. Jumatatu haikuwa ya mtu. Jumapili ilikuwa ya Mungu, na Jumatatu ilikuwa ya vichwa vinavyouma na majembe yanayongoja. Tangu dunia iumbwe hakuna mwanamke wa kwetu aliyepika pombe ya kuuzwa Jumatatu.

"Hakuna atakayekuja," akasema.

"Basi tutakunywa mimi na wewe, tuimbe."

Akacheka bila kutaka, akachukua ndoo, akanitekea maji.

Nilipika kama mtu anayesuka nywele za bi harusi. Niliotesha mtama, nikaukausha, nikausaga, nikauchemsha, nikauacha uchachuke, nikauchemsha tena. Jumatatu asubuhi nikafagia uwanja mara mbili, nikapanga viti vya miti, nikakaa. Jua likapanda. Kuku wakapita, wakaona hakuna makombo, wakaenda. Wanaume wawili walitokea njiani, wakanusa, wakatazamana, wakapita wakiangalia miti kana kwamba wanaihesabia matunda. Nikawasalimu kwa majina. Mmoja akaitika.

Machicha yangu nilikuwa nimeyatia kwenye ndoo yangu mwenyewe. Pipani sikuwa na haki tena.

Jua lilikuwa limeanza kuinama Mama Jummai alipoingia. Hakubisha hodi. Alikuja na kibuyu chake mwenyewe cha kunywea, akavuta kiti kikubwa, kikalia chini yake. Nikasimama kwa adabu, mikono mbele.

"Shikamoo, Mama."

"Sikuja kukusamehe," akasema. "Nimekuja kunywa. Kwani siuziwi?"

Nikamjazia. Akapuliza povu, akanywa, akafumba macho. Kwa kuwa naye ni mpishi, nilimngoja kama mwanafunzi.

"Chachu yake haijakosea," akasema mwishowe. Akakiweka kibuyu gotini. "Mimi nilizika wawili, Rifkatu. Kabla hujazaliwa. Hakukuwa na dawa kijijini, hata unga wa kujaza ukucha. Tangu siku hiyo nikiiona dawa mkono wangu unagawa wenyewe. Siuamrishi."

"Najua, Mama."

"Hujui. Na usijue." Akanywa tena. "Pipa nimelimwaga. Nimelisugua kwa majivu na mchanga mpaka kucha zimekatika. Nguruwe nimewakatia majani wiki nzima, mgongo hauna hali. Wewe na karatasi yako."

Sikuomba radhi. Nilitaka kumkumbatia, nikitaka pia abaki anajua kwamba lango lile ningelishika tena kesho. Nikakaa chini, kwenye mkeka, karibu na miguu yake.

"Rangi ile inawawasha," akasema. "Wanajikuna usiku kucha."

"Itatoka yenyewe."

"Na dawa?" Alikuwa anatazama ndani ya kibuyu, siyo mimi. "Bado siku ngapi?"

Nikamwambia. Akatikisa kichwa polepole, midomo ikirudia, kama mtu anayekariri njia ya mahali atakapokwenda peke yake.

Uani, nyuma ya ua wa matete, kitu kikakwaruza. Tukageuka. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kinapita juu ya matete, kikasimama, kikarudi nyuma, kikasimama tena.

"Rahila!" Mama Jummai akaita bila kunyanyuka. "Unatafuta nini huko?"

"Kuku wangu!"

Mama Jummai akanitazama. Rahila hajapata kufuga kuku.

Nikaenda ndani kuchukua kibuyu cha pili.